Sura ya Tano: Nani Atamuuliza Mheshimiwa?

Tarehe 9 Februari 2022, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye walisoma hukumu ambayo Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri, ilikuwa ikiingojea tangu Juni 1999, pale Kongo ilipoishitaki Uganda. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Iliondoka na milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu waliouawa, waliojeruhiwa, waliobakwa, waliofukuzwa makwao na watoto waliopewa bunduki, milioni 40 kwa mali iliyoharibiwa, milioni 60 kwa dhahabu na utajiri mwingine ulioporwa. Kwa kila dola 100 zilizodaiwa, zilipatikana kama 3. Ni rahisi kusema tumeonewa, na wako waliosema hivyo. Lakini mahakama hiyohiyo, tarehe 19 Desemba 2005, ilikuwa imekwisha kuamua kwamba Uganda ilikuwa dola iliyoikalia Ituri kwa nguvu, na mwaka 2022 iliongeza jambo ambalo wakili yeyote angelipokea kwa shangwe: kwa madhara yaliyotokea Ituri, ni Uganda iliyopaswa kuthibitisha kwamba hayakutokana na uzembe wake. Mlango ulikuwa wazi. Kilichobaki kilikuwa kuingia na makaratasi.

Makaratasi ndiyo yaliyotuangusha. Kwa vifo, Kongo ilileta idadi ya raia 180,000, makadirio yaliyochotwa katika takwimu za jumla za vita. Mahakama ilipochambua ushahidi ikasema vifo ambavyo Uganda inapaswa kuvilipia ni kati ya 10,000 na 15,000. Kwa nyumba za Ituri, dai lilizipanga katika makundi ya nyumba nyepesi, za wastani na za kifahari, kila kundi likapewa bei yake ya jumla, kana kwamba nyumba ya udongo ya Djugu na ya matofali ya katikati ya Bunia ni mistari tu katika jedwali. Zaidi ya bilioni 5, karibu nusu ya dai zima, ziliombwa kwa hasara ya uchumi wa nchi nzima. Sehemu hiyo ilikataliwa yote, kwa kuwa hakuna aliyeonyesha kamba inayounganisha kitendo cha Uganda na hasara hiyo. Fomu za wahanga zilikuwapo, ila nyingi hazikuwa na karatasi nyingine ya kuzithibitisha. Majaji walikiri kwamba katika vita ushahidi hupotea, wakakubali kutumia makadirio. Hata hivyo walipotaka takwimu za kutegemea, mara kwa mara walilazimika kwenda kuzitafuta katika ripoti za Umoja wa Mataifa badala ya majalada yetu.

Kati ya hukumu ya kwanza na ya pili ilipita miaka 16. Kwa muda huo Kongo ilipiga kura kuu mara tatu, ikachagua mabunge matatu yenye viti 500 kila moja, na kila bunge lilikuwa na wajumbe kutoka teritwari za Ituri: Irumu, Djugu, Mahagi, Aru na Mambasa. Swali lilikuwa moja na halihitaji ushujaa: waziri wa sheria atuambie mwaka huu wamehesabiwa wahanga wangapi, katika vijiji gani, na nani anatunza majalada. Kama liliulizwa, halikuulizwa kwa nguvu ya kutosha. Matokeo yenyewe ni shahidi. Hata fedha zilipoanza kuingia, milioni 65 kwa mwaka kuanzia Septemba 2022, mfuko wa kuzigawa, FRIVAO, uliwekewa makao Kisangani, na mjadala wa nani alipwe kwanza ukabaki manung'uniko ya wahanga na mawakili. Tarehe 2 Septemba 2025 Mahakama ya Kasasi ya Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi ngumu kwa kutumia vibaya kama dola milioni 19 zilizotengwa kwa ujenzi wa gereza la Kisangani, fedha ambazo chanzo chake kilikuwa fidia hiyo. Yeye alikana, akasema ni njama ya kisiasa. Bunge liliruhusu ashitakiwe, nalo linastahili sifa kwa hilo, ingawa ruhusa ilikuja baada ya fedha kutoka.

Nimeanza na kesi hii kwa sababu inasaidia kulitazama upya lalamiko linalosikika kila mahali, kwamba viongozi wetu wa leo hawajui kitu na hawawezi kujadiliana. Lalamiko hilo lina ukweli, lakini kwa kawaida huwa linaelekezwa kwenye shule: walete wasomi, mambo yatanyooka. Sasa tutazame. Bunia peke yake ina Chuo Kikuu cha Bunia, Chuo Kikuu cha Shalom na Taasisi ya Juu ya Ualimu, ISP. Orodha za wagombea zimejaa walisansi, madaktari na maprofesa, na mawaziri wenye shahada za uzamivu hawajawa haba tangu zama za Mobutu. Diploma zimeongezeka huku mjadala ukishuka. Mambo mawili yanayokwenda kinyume hivyo hayawezi kuwa chanzo na matokeo.

Majirani wamejaribu dawa ya shule kwa sheria. Katiba ya Uganda ya 1995 inamtaka mbunge awe amemaliza kidato cha sita au elimu inayolingana nacho. Hiyo haikuzuia viti kurushwa bungeni Kampala mwishoni mwa Septemba 2017, wakati wa kujadili ukomo wa umri wa rais. Kenya inamtaka gavana awe na shahada, na kila uchaguzi unapokaribia mahakama hujaa kesi za nani ana shahada ya kweli na nani ameinunua. Sheria ya namna hiyo hupima kile mtu alichojifunza kabla ya kuingia madarakani. Haigusi kile anacholazimika kujifunza akiwa humo.

Na hapa ndipo penye hoja yangu yote. Utaalamu wa kiongozi hauishi kichwani mwake kama mali ya akiba. Unazalishwa kila siku na watu wanaomzunguka wakiwa na haki ya kumuuliza, muda wa kumsikiliza na uwezo wa kumwadhibu akijibu hovyo. Waziri anayejua kwamba Alhamisi ataulizwa idadi ya shule zilizochomwa katika sekta ya Walendu-Pitsi ataitafuta idadi hiyo Jumatano usiku, awe na cheti cha msingi au udaktari wa falsafa. Waziri anayejua hataulizwa atatafuta suti. Kilichopungua kwetu ni nafasi ya kuulizwa, na ilipungua kwa hatua ambazo zinaweza kutajwa moja baada ya nyingine.

Kabla ya kuzitaja, lazima nimjibu anayesema kwamba hizi ni ndoto za wazee na kwamba zamani hapakuwa na lolote la kusifia. Ana haki kwa kiasi kikubwa. Kongo iliingia katika uhuru ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika thelathini. Januari na Februari 1960, kwenye Meza ya Duara ya Brussels, viongozi wa vyama waliokuwa wakigombana nyumbani walishikamana katika kambi moja na kutoka na tarehe, 30 Juni. Hiyo ndiyo sehemu tunayoisimulia watoto. Tusiyoisimulia ni Meza ya Duara ya pili, ya uchumi, iliyoanza mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo. Wakubwa walikuwa wameshika njia za kampeni. Wakawatuma wanafunzi na vijana, mmoja wao akiwa Joseph Mobutu kwa niaba ya chama cha Lumumba. Upande wa pili wa meza walikaa wataalamu wa benki na makampuni ya Ubelgiji. Juni 17, siku 13 kabla ya bendera kupanda, sheria ya Ubelgiji iliyaruhusu makampuni ya koloni kuhamia chini ya sheria ya Ubelgiji, na mzozo wa mali na madeni kati ya nchi hizi mbili ukaendelea kwa miaka. Kwa hiyo ugonjwa wa kukimbilia jukwaa na kuziacha hesabu kwa wadogo una umri sawa na Jamhuri yenyewe. Sidai kwamba tumeanguka kutoka peponi. Ninachodai ni kwamba kuna vipindi ambavyo kuuliza kulipewa nafasi, ujuzi ukapanda, na kuna vipindi ambavyo nafasi hiyo ilifungwa kwa makusudi.

Mobutu aliifunga kwa ngoma. Chini ya chama kimoja, MPR, kazi ya mwananchi mbele ya kiongozi ilikuwa kucheza: animasio ya kisiasa, nguo za sare, mwili ukiyumba kwa jina la Mwongozi. Kizazi kizima cha makada kilijifunza kwamba mkutano ni mahali pa kushangilia. Ndiyo maana Mkutano Mkuu wa Kitaifa, uliofunguliwa Kinshasa Agosti 1991 na kumalizika Desemba 1992 chini ya Monsinyori Laurent Monsengwo, unastahili kukumbukwa kwa jambo ambalo wengi hulisahau. Tunakumbuka vurumai na uchaguzi wa Tshisekedi baba kuwa waziri mkuu. Tunasahau tume 23 zilizokaa kuchambua fedha, madini, elimu, jeshi na mengineyo, na redio zilizopeleka maneno hayo hadi vijijini. Watu walisikia kwa masikio yao mkubwa akiulizwa fedha za umma zimekwenda wapi, akakosa jibu. Ripoti mbili nzito kuliko zote, ya mali zilizochumwa kwa hila na ya mauaji, hazikusomwa mbele ya mkutano wote, kwani ziliogopwa. Kinachoogopwa hivyo bila shaka kina kitu ndani.

Baadaye ikaja tume ya bunge la mpito iliyoongozwa na Christophe Lutundula, iliyopewa kazi ya kuchunguza mikataba iliyosainiwa wakati wa vita kati ya 1996 na 2003. Hiyo ilikuwa kazi ya kitaalamu hasa: kuita mashahidi, kusoma vifungu, kulinganisha thamani na bei. Ripoti ilikabidhiwa 2005, ikagawanywa mapema 2006, na mjadala wake katika kikao cha wote haukufanyika. Uchaguzi ukapita. Nadhani hapo ndipo wanasiasa wengi walipopata somo: unaweza kufanya kazi ngumu, ukataja majina, na isikuletee kura wala adhabu kwa mtu. Anayefuata akifanya kazi kama hiyo, ataifanya kwa bidii ipi?

Somo la pili lilikuja kati ya Desemba 2020 na Januari 2021. Bunge lililochaguliwa 2018, ambamo kambi ya Joseph Kabila ilikuwa na viti zaidi ya 300 kati ya 500, lilimwondoa spika wake Jeanine Mabunda tarehe 10 Desemba kwa kura 281, siku chache baada ya meza na viti kuvunjwa ukumbini. Januari 27 likamwangusha waziri mkuu Sylvestre Ilunga kwa kura zaidi ya 360. Watu walewale, waliochaguliwa kwa orodha zilezile, walihamia Union sacrée, muungano wa Rais, ndani ya majuma machache. Sina ugomvi na kubadili kambi. Siasa ni hiyo. Ninachouliza ni hoja gani ya sera iliyowahamisha. Ni ibara ipi ya bajeti, ni mpango upi wa usalama wa mashariki uliowashawishi? Ukitafuta katika hotuba za wakati ule utapata neno umoja na jina la Rais. Mtu anapoweza kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kuhitaji hoja, basi hoja haina kazi katika maisha yake, na kitu kisicho na kazi hufa. Desemba 2023 wagombea zaidi ya 23,000 waligombea ubunge wa taifa. Mpiga kura wa Bunia alisimama mbele ya mashine akapitisha kurasa za picha, na katika wingi huo kinachomwokoa ni jina analolijua: la ukoo, la kanisa, la aliyegawa fulana na sabuni.

Katika nafasi ya mjadala limeingia kitu ambacho kila mkaazi wa mashariki anakijua: mosio ya kuunga mkono. Itazame kwa karibu. Mkubwa ametoka Kinshasa, viti vya plastiki vimepangwa chini ya hema, watu wamengoja tangu asubuhi. Mtu mmoja anasimama na karatasi mbili zilizopigwa chapa. Aya ya kwanza inaanza na "sisi, wana wa Ituri" na kuorodhesha jumuiya. Ya pili inashukuru. Ya tatu inashukuru tena, kwa barabara ambayo bado ni ahadi. Ya nne inaeleza mateso kwa maneno mapana kiasi kwamba hakuna kijiji wala tarehe inayotajwa. Ya mwisho inaahidi kura. Karatasi inakabidhiwa kwa mikono miwili, picha inapigwa. Hakuna alama ya kuuliza hata moja katika kurasa zote mbili. Aliyeiandika mara nyingi ni msomi, tena msomi mzuri, anayejua vizuri idadi ya wakimbizi katika kambi za Djugu. Amejifunza tu kwamba idadi hizo hazina mahali katika karatasi ile.

Kisha Ituri ikafungiwa hata pale padogo palipobaki. Tarehe 6 Mei 2021 ulianza utawala wa kijeshi, état de siège, katika Ituri na Kivu Kaskazini. Gavana raia akampisha Luteni Jenerali Johnny Luboya, mameya na wasimamizi wa teritwari wakawapisha maofisa wa jeshi na polisi, kesi za jinai zikahamia mahakama za kijeshi, na bunge la jimbo likasimamishwa. Katiba ya 2006 haikuukusudia uwe wa kudumu: siku 30 kwanza, kisha bunge la taifa liruhusu siku 15, na nyingine 15. Waliouandika utaratibu huo walitaka serikali ilazimike kurudi kujieleza kila baada ya majuma mawili. Hiyo ilikuwa mashine nzuri ya kuzalisha maswali. Ilitumika makumi ya mara na kugeuka mhuri. Mwishoni mwa 2021 wabunge wa Ituri na Kivu Kaskazini walisusia vikao vya kuongeza muda. Kura zikapigwa bila wao, yaani bila watu pekee walioweza kusema kijiji kipi kimebaki na kipi kimeteketea. Wakati wa likizo za bunge, serikali ilipewa idhini ya kuongeza muda yenyewe. Agosti 2023 uliitishwa mkutano wa kutathmini huko Kinshasa, wengi wa washiriki wakataka utawala huo uondolewe. Kilichofuata ni ahadi ya kuulegeza hatua kwa hatua. Desemba mwaka huohuo watu wa Ituri walipanga foleni kuchagua wabunge wa jimbo. Mwaka 2024, majimbo mengine yalipokuwa yakichagua maseneta na magavana, wao walibaki watazamaji.

Pengo hilo lilijazwa na utaalamu wa aina nyingine. Serikali ilipotaka mtu wa kuzungumza na wanamgambo wa CODECO, iliwatafuta waliowahi kuongoza vikosi. Mwaka 2020 walitumwa Djugu wakuu wa zamani wa makundi ya silaha, na kisha kikaundwa kikosi kazi kilichomjumuisha Thomas Lubanga, aliyehukumiwa La Haye Machi 2012 kwa kuwatumia watoto vitani. Februari 2022 wajumbe hao walitekwa na wapiganaji walewale ambao wao walikwenda kuwatuliza. Mwaka 2025 Lubanga mwenyewe alitangaza kundi jipya, CRP. Hesabu ya kijana wa Ituri anayetazama haya haina ugumu: mwalimu aliyesoma migogoro ya ardhi kwa miaka 20 hajawahi kupandishwa ndege ya serikali, aliyebeba bunduki amepandishwa. Dola ndiyo iliyotangaza hadharani ni elimu gani inayolipa.

Na migogoro ya ardhi ndiyo hasa iliyohitaji elimu ile ya kwanza. Sheria ya 20 Julai 1973 ilifanya ardhi zote kuwa mali ya Taifa, hata zile za kimila ambazo wakulima wa vijijini walizitegemea. Ibara yake ya 389 iliahidi kwamba haki za wanaotumia ardhi za kimila zitapangwa kwa amri ya Rais. Nusu karne ilikatika, marais wakapita, amri hiyo haikuja. Katikati ya ukimya huo, mwenye cheti cha konsesioni kilichotiwa mhuri mjini alikuwa na sheria, na aliyelima pale tangu babu yake alikuwa na kaburi la babu yake. Vita vya Juni 1999 katika Walendu-Pitsi vilianza kwenye mipaka ya konsesioni za namna hiyo, na makumi ya maelfu ya watu wakafa kabla havijatulia mara ya kwanza. Tunaambiwa chanzo ni chuki kati ya makabila ya Hema na Lendu. Chuki ipo, imekuzwa na imeliwa na wengi. Lakini mbunge anayehubiri mapatano ya makabila bila kuifungua ibara ya 389 anatibu homa bila kupima malaria.

Atasema mtu: haya yote ni anasa, kwanza amani, mjadala baadaye, watu wanachinjwa usiku wewe unataka maswali ya mdomo na tume za uchunguzi. Ni pingamizi zito kuliko yote, na linasemwa na watu waliozika ndugu. Jibu langu linatoka Bunia yenyewe. Aprili 2003, mauaji ya Drodro yakiwa ndiyo kwanza yametokea, Tume ya Kutuliza Ituri ilikutana mjini humu, ikazaa utawala wa mpito wenye baraza lake, likiongozwa na Petronille Vaweka. Mei mji uliwaka moto. Baraza halikuwa na askari, na wala halikuzuia mauaji ya mwezi ule. Atakayesema lilizuia anadanganya. Lakini lilikuwepo moshi ulipotulia, na Vaweka aliendelea hadi kuwa kamishna wa wilaya ya Ituri. Mjadala ulifanyika katika hali mbaya kuliko ya leo. Kwa upande wa pili, tangu Mei 2021 tumejaribu usalama bila mjadala, na raia wameendelea kuuawa Djugu, Irumu na Mambasa. Aliyetaka tusubiri ndiye anayedaiwa maelezo sasa.

Wengine wanaogopa mjadala wenyewe, na woga wao una historia: wakati wa vita maneno ya redioni yalikuwa risasi za kwanza. Ni kweli. Ila tazama maneno yaliyoua yalikuwa ya namna gani. Yalikuwa matamko, ya upande mmoja, yasiyoruhusu mtu kujibu. Kipindi cha Radio Okapi kiitwacho Dialogue entre Congolais kimewakalisha mahasimu meza moja kwa zaidi ya miaka 20, na humo mgeni hujibiwa na mwenzake. Kuna tofauti kubwa kati ya kupaza sauti na kupewa nafasi ya kuulizwa, na ni ile ya pili tuliyoipoteza.

Pingamizi la mwisho linamlenga mpiga kura: anachagua kabila lake, basi anapata anachostahili. Sikubaliani nalo hata kidogo. Mtu huchagua kwa kabila pale ambapo hana kingine cha kupimia. Mpe taarifa kwamba mbunge wake aliuliza mara ngapi, kuhusu nini na akajibiwa nini, ndipo umlaumu akiidharau. Hadi leo sijaona gazeti la Bunia wala ofisi ya bunge inayobandika orodha hiyo ukutani, ingawa ibara ya 138 ya Katiba inazitaja silaha za mbunge kwa majina: swali la mdomo, swali la maandishi, hoja ya kumtaka waziri ajieleze, tume ya uchunguzi, kuitwa mbele ya kamati.

Na kuna maswali ambayo hayahitaji kusubiri Kinshasa. Sheria ya madini ya 2018 imeweka ushuru wa asilimia 3.5 kwa dhahabu, na imeugawa waziwazi: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au usultani ambako madini yanachimbwa, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo, kampuni inadaiwa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaazi. Kikao cha machifu na maofisa hakihitaji bunge la jimbo kufunguliwa ili mkaazi wa Mongbwalu au wa Mambasa asimame katika foleni ya wanaosema na kuomba atajiwe kilo ngapi zilitangazwa miezi mitatu iliyopita, kwa bei gani, na ile 15 iliingia katika akaunti ya benki ipi, kwa saini ya nani.